Chemli, pasi ya mkaa, mtungi: namna ya kuvirudisha kazini vyombo vya kijijini

Chemli iliyokaa darini miaka 30 haiharibiki kwa kukaa. Inaharibika siku mjukuu anapoishusha, akaiosha kwa maji, akaijaza mafuta ya taa hadi mdomoni na kuiwasha papo hapo. Utambi unaungua, kioo kinapasuka, na kitu kilichoponea chupuchupu kutupwa tangu enzi za Mwalimu kinaishia jalalani mchana mmoja. Pasi ya mkaa, mtungi, kinu na redio ya betri navyo huishia hivyo hivyo. Kila Desemba watu wanarudi kwao, wanafungua stoo ya wazazi, wanapiga picha na kuandika "zamani raha sana", kisha vitu vinarudi kwenye vumbi au vinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nasimama hapa: maisha ya vijijini Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 hayatunziki kwa picha, yanatunzika kwa kuyatenda. Anayejua kuwasha chemli isitoe moshi ameshika kipande cha kweli cha jioni za wakati ule, kuliko mwenye picha hamsini za chemli. Na mzee ukimwuliza "zamani maisha yalikuwaje?" atakujibu sentensi mbili, lakini mpe pasi mkononi, ataongea mpaka chakula kiive. Kwa hiyo nitavipitia vyombo ambavyo bado vimo kwenye nyumba nyingi, namna vilivyotumika, namna vinavyoharibika, na mambo ya kumwuliza mwenye chombo angali hai.

Chemli

Usiioshe. Itenganishe kwanza juu ya gazeti: vua kioo, fungua kile kichwa cha bati kinachoshika utambi, toa utambi wa zamani, mwaga mafuta yaliyobaki. Mafuta ya taa yaliyokaa miaka hugeuka njano na kuwa kama gundi, usiyarudishie. Mimina mafuta mapya nusu kikombe, tikisa tangi, mwaga, rudia mara moja. Maji hayafai humo ndani kabisa. Tone likibaki hutuama chini kwa kuwa ni zito kuliko mafuta, utambi hulinyonya, na mwali hutatarika na kufifia kila baada ya muda mfupi.

Kisha tazama ile mirija miwili ya pembeni. Wengi hudhani ni fremu tu ya kushikilia taa. Ni njia ya hewa: huishusha kutoka juu mpaka kwenye mwali, na ndiyo maana chemli haizimiki ovyo ukitoka nayo kwenda zizini usiku wa upepo. Taa iliyokaa darini mara nyingi nyigu wameshajenga humo kwa udongo. Pitisha waya mwembamba, gonga taratibu mpaka udongo wote udondoke. Mrija ukiwa umeziba au umepondeka, kioo kitakuwa cheusi hata ukate utambi namna gani.

Kabla ya kujaza, jua kama tangi linavuja. Tia vijiko viwili vya mafuta, simamisha taa juu ya boksi kavu usiku kucha, asubuhi tazama doa. Likiwepo, mpelekee fundi wa bati apige lehemu, tena tangi liwe tupu na limekauka kabisa, maana mvuke wa mafuta hulipuka kwenye moto wa kulehemu. Zamani tundu dogo lilizibwa kwa kipande cha sabuni ya mche kilichokandamizwa kwa kidole. Sabuni haiyeyuki kwenye mafuta ya taa, kwa hiyo huziba kweli, lakini ni ya kukufikisha kwa fundi, si ya kukaa nayo msimu mzima.

Sasa utambi. Nunua wa pamba unaolingana kwa upana na mdomo wa taa. Ukiwa mwembamba unaacha nafasi pembeni, mwali unashuka humo. Ukate kwa mkasi mkali, mstari ulionyooka bila mshazari, halafu punguza pembe zote mbili kiasi kidogo sana. Pembe zisipopunguzwa mwali hutoa ndimi mbili zinazopaka masizi pande mbili za kioo. Ukiona masizi upande mmoja tu, utambi umekatwa mshazari. Jaza tangi robo tatu, usizidishe, kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto na kupenya nje. Subiri dakika 20 utambi ulowe mpaka juu. Utambi mkavu ukiwashwa unaungua wenyewe badala ya mafuta, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu.

Kuwasha ni hivi: bonyeza wenzo uinue kioo, toa utambi nje kidogo tu, washa, shusha kioo, kisha uuache mwali uwe mdogo kwa dakika tatu au nne. Kioo kikishapata joto polepole, pandisha. Mwali mzuri ni mpana, wa njano, umetulia, juu yake umejipinda kama ukucha. Kioo baridi kikipigwa na mwali mkubwa ghafla hupasuka, na kioo cha moto kikirushiwa tone la maji hupasuka vilevile. Kuzima, punguza utambi halafu puliza juu ya kioo. Usiuzungushe chini mpaka utumbukie tangini, utapata kazi ya kuuvua.

Kioo husafishwa kikiwa kimepoa, kwa kitambaa kikavu na jivu laini lililochekechwa, mwisho gazeti lililofinyangwa. Kazi hii ilikuwa ya watoto, kabla ya magharibi, kwa sababu ya wazi kabisa: mkono wa mtu mzima haupiti kwenye mdomo wa kioo. Mwulize mama ni nani kati ya wanawe aliyevunja vioo vingi. Utapata historia ya familia yote.

Ya usalama yasiachwe. Weka mafuta ya taa peke yake. Yakichanganywa na petroli hata kidogo taa inageuka bomu. Usiongeze mafuta taa ikiwa inawaka. Na usihifadhi mafuta kwenye chupa ya soda, kwa maana mtoto atakunywa. Akishakunywa, usimtapishe, kwani mafuta yakipanda yanaingia mapafuni, mkimbize hospitali.

Kibatari, au koroboi, hakina kioo wala mirija ya hewa, kwa hiyo kitatoa moshi tu hata ufanyeje. Ukikikuta, kihifadhi, kiwashe mara moja nje uwaonyeshe watoto namna mtu alivyosomea kwa mwanga wa ukubwa ule na kuamka na masizi puani. Usikiweke ndani karibu na chandarua au dari ya makuti.

Pasi ya mkaa na nguo ya shule

Hii ndiyo naipenda kuliko vyote, kwa sababu ndani yake mna maarifa mengi yasiyoonekana kwa macho. Pasi yenyewe ni chuma kizito cha kusubu: kifuniko chenye bawaba, komeo mbele (nyingi zina umbo la jogoo), matundu ya hewa ubavuni, mshikio wa mbao juu. Anza na mshikio. Mbao husinyaa kwa miaka, skrubu zinalegea, na pasi ikikuchomoka ina makaa ndani umeunguza mguu na mkeka. Kaza au badilisha mbao kabla ya jambo lingine lolote.

Kutu ya chini iondoe kwa msasa laini, kisha jivu na kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, paka mafuta ya kula kiasi cha kung'arisha tu. Halafu ipashe moto na uisugue kwenye kitambaa kibovu mpaka kisiwe kinatoka na rangi ya kahawia. Ukiharakisha hatua hii, shati jeupe la kwanza ndilo litakalolipa.

Mkaa hauwashiwi ndani ya pasi, na wala hauwashwi kwa mafuta ya taa, harufu yake itaingia kwenye nguo. Uwashe kwenye jiko, nje, mpaka makaa yawe mekundu yote na yaanze kuvaa jivu jeupe. Kaa ambalo bado lina weusi litatoa moshi na cheche. Mkaa wa mti mgumu hudumu. Wa mti laini hurusha cheche na kuisha upesi. Pwani walipenda mkaa wa vifuu vya nazi, na walikuwa sahihi, unatoa joto kali na jivu dogo. Jaza nusu hadi theluthi mbili. Ukijaza mpaka kifuniko, hewa haipiti, makaa yanafifia katikati, na mshikio unakuwa wa moto usioshikika. Makaa yakizubaa, toka nje uibembee pasi mbele na nyuma, matundu yanyonye hewa, au yapepee kwa kipepeo. Usipulize ukiwa umeiinamia nguo.

Kabla ya kugusa nguo, pitisha pasi juu ya jani bichi la mgomba. Jani hufanya kazi tatu kwa pamoja: linachukua masizi, linaacha utando mwembamba wa nta unaofanya pasi iteleze, na kwa mlio wake unajua joto. Ikichacharika na kuacha alama ya kahawia papo hapo, bado ni kali mno. Ikifanya "shii" fupi na jani likanyauka bila kuungua, anza. Kusiko na migomba walitumia kipande cha mshumaa kilichofungwa ndani ya kitambaa.

Mpangilio wa nguo ndio unaotofautisha mzoefu na mgeni. Pasi ya umeme unaipandisha na kuishusha utakavyo. Ya mkaa huanza na moto mkali na kushuka kadiri makaa yanavyokufa. Kwa hiyo kaptula ya khaki huenda kwanza, halafu shati la pamba, kanga na vitenge, na tetroni (kitambaa cha polista) mwisho kabisa, pasi ikiwa imepoa. Mtu akianza na sketi ya tetroni anainua pasi na kipande cha sketi. Khaki ipigwe upande wa ndani isije ikang'aa, nayo iwe na unyevu: inyunyizie maji, ikunje, iviringishe, iache nusu saa maji yasambae. Maji ya kunyunyizia yasiyosambaa huacha madoa.

Na wanga. Kola iliyosimama wima Jumatatu asubuhi kwenye mstari wa shule ilitokana na muhogo. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka usione donge. Chemsha maji lita moja, mimina ule mchanganyiko polepole huku ukikoroga, endelea mpaka uwe kama uji mwepesi unaopitisha mwanga. Chuja kwa kitambaa. Tumbukiza nguo safi iliyosuuzwa vizuri, kamua, anika, ichukue kabla haijakauka kabisa, ipige pasi. Ukitia unga moja kwa moja kwenye maji ya moto yatatokea madonge, nayo huacha mabaka meupe. Wanga mzito kupita kiasi hunata kwenye pasi na kuungua.

Mlango na dirisha viwe wazi muda wote wa kupiga pasi. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Kichwa kikianza kuuma, toka nje mara moja. Ukimaliza, mwaga makaa kwenye udongo, acha pasi ipoe yenyewe. Ukiitia maji ikiwa ya moto, chuma cha kusubu kinapasuka.

Pasi hazikuwa kila nyumba. Moja ilizunguka nyumba kadhaa, na isipopatikana kaptula ilikunjwa vizuri na kulaliwa usiku kucha chini ya godoro au mkeka. Ukimhoji mzee, usiulize "mlikuwa na pasi?" Uliza "pasi mlikwenda kuazima kwa nani?" Jibu litakuchorea ramani ya ujirani wote. Uliza pia walifua kwa nini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni na sukari vilipoadimika madukani na foleni zikawa ndefu. Wengi watakutajia majani ya mpapai, yaliyopondwa na kusuguliwa kwenye nguo. Yanatoa povu kidogo na kuondoa jasho, ila huacha ukijani kwenye nguo nyeupe, kwa hiyo yalifaa zaidi nguo za shamba.

Mtungi

Ugonge kwa kifundo cha kidole. Mtungi mzima hulia. Wenye ufa hutoa sauti ya kufa hata kama ufa huuoni. Usioshe kwa sabuni, udongo wake una vinyweleo, sabuni itakaa humo na utaionja wiki nzima. Sugua ndani na nje kwa makumbi ya nazi au katani na maji matupu, ujaze, uache siku nzima, mwaga, rudia mpaka maji yasiwe na ladha ya udongo. Pwani walikuwa wakiufukiza kwa ubani: unafunikwa kichwa chini juu ya chetezo kwa dakika kadhaa, kisha unajazwa maji.

Mtungi hupoza kwa sababu unatoka jasho. Maji hupenya vinyweleo, hufika nje, hukauka, na katika kukauka hubeba joto. Hapo ndipo makosa yote yanapoeleweka. Ukiupaka rangi au vanishi, umeuziba. Ukiuweka kwenye kona isiyo na hewa, jasho halikauki. Ukiwa Tanga au Pwani wakati wa masika, hewa imeshajaa unyevu, usitegemee ubaridi wa Dodoma au Singida ambako hewa ni kavu. Uweke kivulini penye upepo, juu ya mchanga mbichi au kigoda chenye nafasi chini. Mtungi uliokuwa ukipoza vizuri ukaacha, umezibwa na chumvichumvi za maji. Usugue nje kwa nguvu.

Maji yachemshwe, yapoe kabisa, ndipo yaingie mtungini. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilifundisha jambo hilohilo kupitia vikundi vya kusikiliza redio vijijini, pamoja na kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Chota kwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu, mkono usiguse maji, na kata itundikwe, isilale juu ya kifuniko. Mtungi uliowahi kutiwa mafuta au pombe, au usiojulikana ulitumika kwa nini, uwe pambo.

Kinu, mahindi na kihenge

Kinu hupasuka kikiachwa juani kitupu. Ukikikuta na ufa mwembamba, kifunge magunia mabichi kivulini kwa siku chache, mbao zitanuke polepole, kisha kipake mafuta ya kula ndani na nje mara kadhaa. Ukiona unga mpya wa mbao chini yake, kuna wadudu; mwagia maji yanayochemka kwenye matundu, kausha kivulini. Dawa ya wadudu isikaribie chombo cha chakula.

Kukoboa kwa kinu ni kazi ya kipimo. Jaza theluthi moja ya kinu. Nyunyizia mahindi maji kwa kiganja mpaka ngozi za punje zilowe, subiri kidogo, twanga ukilenga katikati, mchi usipige mdomo wa kinu. Mahindi makavu mno huvunjika yakawa chenga. Yakilowa mno yananata kwenye mchi. Pepeta kwa ungo, pumba zipewe kuku, rudia mpaka punje zibaki nyeupe. Hapo una mahindi ya makande. Ukitaka unga, yaloweke siku mbili au tatu ukibadilisha maji kila siku, yachuje, yaanike mpaka yawe nusu kavu, twanga na uchekeche, kisha unga uanike siku hiyohiyo. Ukilala na unyevu, kesho umechacha na kufanya ukungu.

Wanawake wawili au watatu waliotwanga kinu kimoja hawakuwa wanaonyesha ufundi. Mchi mmoja unaposhuka mwingine unapanda, kwa hiyo punje hazipati nafasi ya kutulia, na nyimbo za kutwangia zilikuwa za kushika zamu. Ukirekodi wimbo wa kutwangia, urekodi watu wakiwa wanatwanga kweli. Ukiimbwa kwenye kochi unapoteza mwendo wake.

Kuhusu kihenge, hapa nasema wazi: usihifadhi chakula chako kwa namna ya miaka ya 1970 kwa sababu tu unaipenda. Wakati ule mahindi yaliwekwa na magunzi yake kwenye kihenge cha fito kilichoinuliwa juu ya mawe, au darini juu ya moto wa jikoni, moshi ukiyakausha na kufukuza wadudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia mdudu aitwaye dumuzi kutoka Amerika ya Kati, akaonekana kwanza Tabora, wakulima wakamwita Scania. Huyu hutoboa mahindi yakiwa kwenye gunzi kwa urahisi kuliko yaliyopukuchuliwa. Kwa hiyo leo pukuchua, kausha, tia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mbegu kidogo, sawa, itundike juu ya mafiga na maganda yake, au ijaze kwenye kibuyu kikavu ichanganywe na jivu lililopoa na kuchekechwa, mdomo uzibwe kwa gunzi na udongo. Jivu hujaza nafasi kati ya punje na kumkausha mdudu, ila linahitajika jingi, ndiyo maana lilifaa kibuyu kuliko ghala zima.

Wazee walipima ukavu kwa meno: punje kavu hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea. Ongeza kipimo cha chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi kavu vijiko vitatu vya chakula na mahindi mpaka nusu, funika, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Hapo hayafai ghalani, yataota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Jambo moja kuhusu stoo za zamani kwenye maeneo ya pamba na kahawa: makopo na madebe ya dawa za wadudu za miaka hiyo, nyingine zenye DDT, bado yamo. Usiyaoshe ukayafanya vyombo, usichome moto. Yafunge, yaweke mbali na watoto, mwite afisa kilimo wa kata.

Moto na redio

Kibiriti kilipokuwa cha kuhesabu, moto haukuzimwa. Usiku kigogo cha mti mgumu kilisukumwa katikati ya mafiga, makaa yakakusanywa pamoja na kufukiwa na jivu kiasi cha vidole vitatu. Alfajiri jivu hufukuliwa, majani makavu na gunzi vikawekwa, pumzi mbili tatu, moto umewaka. Jivu likiwa jembamba makaa yanaisha usiku. Likishindiliwa yanakosa hewa na kufa. Yakifa, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae kuleta kaa.

Redio: fungua mlango wa betri kabla ya kufikiria kuiwasha. Betri zilizosahauliwa huvuja na kula springi. Zitoe kwa glavu au mfuko wa plastiki, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, sugua vyuma kwa msasa laini mpaka ving'ae, kisha tia betri mpya ukifuata alama za chanya na hasi. Ikikoroma bila kushika kituo, usiseme imekufa: redio nyingi za wakati ule zilikuwa na bendi za kati na fupi tu, na vituo vingi siku hizi viko FM. Kitufe cha sauti kikichachatika, kizungushe mbele na nyuma mara nyingi, vumbi hutoka. Zamani betri zilizochoka zilianikwa juani zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Joto linaongeza nguvu kidogo kweli, ila huharakisha kuvuja, kwa hiyo usiige.

Kupata miaka sahihi

Ukishaanza kurekodi, tatizo kubwa litakuwa tarehe. Wazee wengi hawahesabu kwa mwaka, wanahesabu kwa tukio, nawe usiwalazimishe. Uliza: ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, 1967? Kabla ya kuhamishiwa vijijini (Operesheni Vijiji), 1973 hadi 1976? Wakati wa njaa ya 1974 na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona? Wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979? Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameshafariki, Aprili 1984? Rais Mwinyi alikuwa ameshaingia, Novemba 1985? Maswali mawili ya namna hii yanakubana ndani ya miaka michache.

Swali la Operesheni Vijiji lina uzito wake. Mzee akisema "nyumbani kwetu", mwulize ni mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, au kijiji kipya. Familia zilizohamishwa zina kumbukumbu za sehemu mbili, zenye visima viwili, majirani tofauti na mashamba tofauti, na ukizichanganya hutaelewa kwa nini hadithi moja ina mto na nyingine ina bomba la kijiji. Ikiwezekana nenda naye mpaka mahame. Mwembe, jiwe la kusagia au kigae kitamkumbusha asilolikumbuka sebuleni.

Vipimo viandike kama alivyosema, kisha ubadilishe pembeni: vibaba vinne ni pishi moja, madebe sita ni gunia la takribani kilo 100. Jina la chombo liandike kwa lugha ya mama pamoja na Kiswahili, na kando yake nani alikitumia, saa ngapi ya siku, na kilihifadhiwa wapi. Tumia penseli kwenye kadi ngumu iliyofungwa kwa uzi. Wino hufifia, na gundi ya utepe hubandua rangi ya bati na kuacha doa kwenye mbao. Rekodi ya sauti iwe na nakala mbili kwa watu wawili tofauti, na mwanzoni mwa kila rekodi utaje jina la mzee, mahali na tarehe, kabla hajaanza kuzungumza.